Dakika Zinazoliwa na Chumvi: Kulinda Ofisi ya Siri Tanga

Ukimwuliza mkuu wa ofisi chumba chake cha nyaraka za siri kinalindwa na nini, mara nyingi atakuonyesha mlango. Mlango wa chuma, kitasa kizito, pengine na kufuli mbili juu yake. Mtu anayeijua kazi hii haanzi na mlango. Anainua macho kwenye dari, anauliza juu ya dari kuna nini, na juu ya hicho kuna nini, mpaka afike kwenye bati.

Anafanya hivyo kwa sababu majengo mengi ya ofisi yana kuta za ndani zinazoishia usawa wa dari. Juu yake ni kenchi za mbao na bati. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, misumari yake inang'oka kwa mtaimbo mdogo, na ubao wa jipsamu unakatika kwa kisu cha jikoni. Aliyeingia chumba cha jirani kisicholindwa, tuseme stoo ya vifaa vya usafi, anapanda juu ya meza, anatoa kipande kimoja cha dari, anavuka juu ya ukuta na kushuka ndani ya masijala ya siri. Mlango wa chuma hakuugusa. Asubuhi mtunza kumbukumbu anaufungua kwa ufunguo wake kama kawaida.

Kulinda jengo la namna hii ni kazi ya kuhesabu dakika. Hakuna ukuta usiovunjika wala sefu isiyofunguka. Kila kizuizi kinampotezea mvamizi muda fulani, basi. Swali linalobaki ni hili: tangu pale alipogunduliwa mpaka achukue anachokitaka na kutoka, je, anahitaji muda mrefu kuliko ule ambao askari wanahitaji kufika? Maabara ya Sandia kule Marekani, inayoshughulika na silaha za nyuklia, iliiweka hoja hii katika hesabu miaka ya 1970, na mpaka leo ndiyo msingi wa taaluma. Wengi huiweka vibaya kwa kuanza kuhesabu mapema mno. Muda aliotumia mvamizi kabla hajagunduliwa haukusaidii chochote. Akitoboa ukuta usiku kucha na hakuna aliyesikia, ukuta huo una thamani ya sifuri hata ukiwa na unene wa nusu mita.

Mji wa Tanga una mfano wake wa kihistoria. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza HMS Fox ilifika bandarini na kuutaka mji usalimu amri, huku ikitoa muda wa kujibu. Usiku ule askari wa kwanza wakaanza kushushwa kwenye rasi ya Raskazone, na zoezi zima likaenda taratibu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani waliotawala nchi wakati huo, aliyekuwa na kikosi chake upande wa Moshi, aliutumia muda huo kupakia askari kwenye treni na kuwaleta. Shambulio kubwa lilipokuja tarehe 4, walinzi wapatao elfu moja waliwarudisha nyuma wavamizi wapatao elfu nane. Masimulizi hupenda kuwataja nyuki waliowavamia askari, na nyuki walikuwepo kweli. Lakini kilichouokoa mji ni kwamba mlinzi alijua mapema, na njia yake ya kuleta msaada ilichukua muda mfupi kuliko safari ya adui kutoka ufukweni hadi mjini.

Sasa hesabu ya ofisi. Chukua jengo la mfano lenye uzio wa ukuta, uwanja, paa la bati, dari ya jipsamu, na kabati la chuma la kawaida ndani ya masijala. Tuseme kuruka uzio kunachukua sekunde 15, kuvuka uwanja 20, kupanda paa na kung'oa bati 120, kukata dari na kushuka 30, kuvunja kabati 180, kutoka na kutoweka 60. Jumla ni sekunde 425, dakika saba na kidogo. Upande wa pili, mlinzi anahitaji dakika moja kuthibitisha kengele, moja kupiga simu au redio, na kikosi kinahitaji 10 kufika. Jumla 12. Kama kitambuzi pekee, yaani kifaa kinachomhisi mvamizi na kuliza kengele, kiko ndani ya chumba, mvamizi anagunduliwa akiwa tayari ameshashuka, na amebakiwa na sekunde 240. Dakika nne dhidi ya 12. Ukikisogeza kitambuzi juu, kwenye nafasi kati ya bati na dari, kikanasa mtikisiko wa kwanza wa bati, anabakiwa na sekunde 390. Bado hazitoshi. Ukiongeza juu ya dari wavu wa nondo wa kumchelewesha sekunde 300, na ukabadilisha kabati kwa sefu ya sekunde 600, anahitaji 1,110 tangu agunduliwe. Hizo ni dakika 18 na nusu, na hapo ndipo ofisi imeanza kulindwa. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia. Kila jengo lipimwe kwa tarakimu zake, na karatasi ya hesabu hiyo yenyewe ni nyaraka ya siri, ifungiwe pamoja na nyingine.

Angalia pesa zimekwenda wapi katika mfano huo. Hakuna hata shilingi moja iliyotumika mlangoni.

Dawa nzuri kuliko zote kwa paa ni zege. Masijala ya siri ipewe dari yake ya zege, unene wa milimita 150, nondo za milimita 12 kila sentimita 15 pande zote mbili, na kuta zipande mpaka ziikute bila mwanya. Mhandisi wa majengo aulizwe kwanza, kwa kuwa dari hiyo ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na ukuta uliojengwa kubeba bati haukuahidi kubeba mzigo huo. Pasipowezekana, kinachofuata ni kizimba cha nondo za milimita 16 kinachofunika chumba chote kwa juu, matundu ya sentimita 15, na kila nondo zinapokutana pamechomelewa. Kila zinapokutana, narudia. Fundi mwenye haraka huruka kiungo kimoja au viwili katika kila vitatu, kwa mbali haionekani, na mtu akiingiza mtaimbo hapo nondo zinatanuka kama nyasi. Mkaguzi apite na nyundo agonge kiungo kimoja kimoja kabla rangi haijapakwa. Kizimba hicho hakiizuii grainda ya betri, inayokata nondo kwa sekunde chache kila moja. Kinamlazimisha mvamizi apige kelele na atikise jengo, na hilo ndilo kitambuzi cha mtikisiko kinalosubiri.

Matundu mengine hufuata kanuni moja. Miongozo ya Marekani kwa vyumba vya siri inataka kila uwazi unaozidi inchi za mraba 96, takriban sentimita 25 kwa 25, uwekewe nondo au wavu, kwa kuwa mtu mwembamba hupita hapo. Tafuta matundu hayo kwenye mifereji ya hewa, chini ya sakafu za mbao za majengo ya zamani, na pale palipokuwa na kiyoyozi cha dirishani ambacho kiliondolewa na nafasi yake ikazibwa kwa plaiwudi. Hilo la plaiwudi lipo sana, na huwa limefichwa na pazia.

Chumvi

Mpaka hapa hesabu ingekuwa ileile Dodoma au Iringa. Tanga ina bahari, na bahari inakula dakika.

Upepo wa kaskazi na wa kusi yote hupuliza chumvi. Kiwango cha kimataifa ISO 9223 hupanga hewa katika makundi kwa jinsi inavyokula metali. Katika kundi C5, lenye hewa kali ya pwani, zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kila mwaka (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chuma kinene kuliko milimita 6 kilichochovywa katika zinki ya moto kwa kiwango cha ISO 1461 kina wastani wa mikroni 85, kwa hiyo kina miaka kati ya 10 na 20 kabla kutu haijagusa chuma chenyewe. Bolti ndogo za dukani zilizopakwa zinki kwa umeme huwa na mikroni 5 hadi 12 tu. Gawanya mwenyewe. Zinang'aa siku ya makabidhiano ya mradi, na mwaka wa pili au wa tatu zinaanza kulia machozi ya kahawia ukutani. Grili inaweza kuwa nzima kabisa huku bolti zinazoishikilia zimebaki nusu ya unene.

Kuchomelea baada ya kuchovya kunachoma zinki na kuacha mshono uchi. Kwa hiyo kata, chomelea na toboa kwanza, kisha peleka kipande kizima kikachovywe. Kama hakuna namna na lazima uchomelee pale pale, sugua mshono mpaka chuma king'ae, paka rangi yenye zinki nyingi tabaka mbili, na uandike sehemu hizo kwenye daftari la ukaguzi, maana ndizo zitakazooza mwanzo.

Adui mkubwa zaidi ni skwea paipu. Grili nyingi za madirisha zinatengenezwa kwa bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.2 au 1.5, likapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Rangi inalinda nje. Ndani ya bomba hakuna rangi, na kila mshono usiozibwa vizuri unaingiza hewa yenye chumvi, ambayo usiku hugeuka umande na kukaa. Bomba linaoza kutoka ndani huku nje likionekana jipya. Ukaguzi wake ni rahisi: gonga kwa nyundo ndogo kuanzia chini, sentimita 20 za mwisho, mahali maji hutulia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inaingia. Kwa ofisi ya siri Tanga mimi sioni sababu ya kuweka bomba dirishani hata kidogo. Weka nondo nzima ya milimita 16, iingie ndani ya zege au tofali si chini ya milimita 75. Plasta si ukuta, na nondo iliyoishia kwenye plasta inang'oka kwa mikono.

Chuma cha pua nacho kina mtego. Aina ya 304 hupata madoa na vishimo karibu na bahari. Ya 316 ina molibdeni na inavumilia zaidi. Fundi atakuletea sumaku kukuonyesha kwamba haishiki, hivyo ni chuma cha pua halisi. Sumaku haitofautishi 304 na 316. Dai cheti cha kiwanda, au tumia matone ya kupimia molibdeni, ambayo hubadilisha rangi.

Kwenye majengo ya zamani, yale ya mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa ukuta huwadanganya watu. Ukuta una nusu mita, kwa hiyo wanaamini uko salama. Lakini chokaa ya miaka mingi inakwanguka kwa tindo, mawe yanatoka moja moja bila kelele kubwa, na bolti za kutanuka zinapokazwa hulipasua jiwe laini na kubaki zinazunguka. Fremu ya mlango wa chuma isifungwe kwenye mawe hayo moja kwa moja. Mwaga nguzo na linta za zege kuzunguka uwazi, fremu ifungwe humo, au pitisha bolti ukuta mzima na uweke bamba la chuma upande wa pili. Na zege hiyo isichanganywe kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi yake inaozesha nondo, kutu ya nondo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, na zege inapasuka kutoka ndani. Funika nondo kwa milimita 50 za zege upande unaotazama bahari.

Vitasa vinakufa kwa namna yao. Mtu akikiona kitasa kigumu anakimimia mafuta ya injini. Siku hiyo kinalainika. Mwezi unaofuata mafuta yamekusanya vumbi na chumvi yakawa msasa. Safisha kwa dawa ya kuondoa mafuta, kausha, kisha tumia kilainishi kikavu cha tefloni, kila baada ya miezi mitatu. Kwa kufuli za nje chagua zenye mwili wa shaba nyeupe na shingo ya chuma kilichokomazwa iliyofichwa na mabega ya kufuli. Ining'inie tundu la ufunguo likiangalia chini. Bawaba za mlango zikiwa upande wa nje, chomelea vijiti viwili au vitatu vya chuma ndani ya ukingo wa mlango, viingie kwenye matundu ya fremu mlango unapofungwa. Mtu akikata bawaba zote mlango utabaki pale pale.

Anayeingia na asijulikane

Mwizi wa kompyuta anaacha fujo, na fujo ni taarifa. Nyaraka za siri zina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko wizi: mtu anafungua, anapiga picha, anarudisha, anafunga. Serikali inaendelea kutumia mpango ambao mwingine ameshausoma. Makabati yanayoidhinishwa na serikali ya Marekani yanapimwa kwa kuangalia jambo hilo. Daraja la 5 linatakiwa kuhimili saa 20 za kazi dhidi ya anayefungua bila kuacha alama kabisa, dakika 30 dhidi ya anayeacha alama ndogo zisizoonekana haraka, na dakika 10 dhidi ya anayevunja kwa nguvu. Daraja la 6 lina mbili za kwanza zilezile, na kwa kuvunja halina hata dakika moja, lakini bado linakubalika pale ambapo ulinzi wa nje unatosha. Ukilielewa hilo umeelewa kipaumbele cha kazi hii.

Kwa hiyo kila kabati liwe na karatasi yake mlangoni: tarehe, saa ya kufungua, sahihi, saa ya kufunga, sahihi ya aliyefunga, na sahihi ya pili ya aliyevuta mpini kuhakikisha. Mtu wa pili asiwe yule yule. Lakiri zenye namba zitumike kwenye masanduku ya akiba, na namba ziandikwe kwenye daftari linalokaa mbali na masanduku. Lakiri isiyolinganishwa na daftari ni pambo.

Namba ya siri ya kabati ibadilishwe siku lilipowekwa, siku aliyeijua amehama au amestaafu, siku fundi ameligusa, na siku yoyote likikutwa wazi. Makabati mengi ya kigeni huja na namba ya kiwandani 50-25-50, na yapo yanayofanya kazi miaka na namba hiyo. Tarehe za kuzaliwa na namba za magari ya ofisi ndizo zinazojaribiwa mwanzo na mtu wa ndani. Na mtu wa ndani ndiye wa kuhofia: upekuzi aliofanyiwa alipoajiriwa unasema alikuwa nani siku ile.

Wakati wa ujenzi hatari hii ni kubwa kuliko wakati wowote. Mwaka 1985 Marekani ilisimamisha ujenzi wa ubalozi wake mpya Moscow baada ya kukuta vinasa sauti ndani ya nguzo na vipande vya zege vilivyotengenezwa nje ya eneo na kuletwa tayari. Tofali na linta za chumba cha siri zimwagwe ndani ya uzio, mbele ya mtu anayejua anachokiangalia, na fundi wa kiyoyozi asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuchukua bisibisi.

Macho, masikio na betri

Kitambuzi cha joto la mwili hutegemea tofauti kati ya mtu na ukuta ulio nyuma yake. Chumba kilichofungwa Februari, kiyoyozi kimezimwa, ukuta umefika nyuzi 34, tofauti hiyo inakaribia kwisha na umbali ulioandikwa kwenye boksi unapungua sana. Kipime saa tisa alasiri siku ya joto kali, mtu akitembea polepole, hatua moja kila sekunde mbili, akikata mbele yake na akikisogelea. Kisichomwona wakati huo kibadilishwe na chenye mawimbi ya redio pamoja na joto. Halafu kuna mjusi kafiri. Anapenda uvuguvugu wa kifaa, analala juu ya kioo chake, na saa nane usiku king'ora kinalia. Usiku wa tatu mlinzi anazima. Ziba tundu la waya kwa silikoni, weka kifaa mbali na taa zinazovuta wadudu, maana mjusi anafuata wadudu.

Kamera nazo huangushwa na wadudu. Taa zake za infraredi huvuta nzi wadogo, buibui anafuata na kutandika mbele ya lenzi, na picha ya usiku inakuwa ukungu mweupe. Zima taa za ndani ya kamera, weka taa ya infraredi ya pembeni umbali wa mita moja au zaidi. Futa lenzi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini kila wiki mbili. Kuhusu upana wa picha, kiwango cha Ulaya EN 62676-4, toleo la 2015, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili mtu asiyejulikana atambulike sura. Kamera ya upana wa pikseli 1920 inatosha mita 7.7. Kuielekeza uwanja wa mita 40 na kutegemea sura ni kujidanganya. Itakuonyesha kwamba kuna mtu, haitakuonyesha nani.

Umeme ukikatika, uliza kila kifaa kinafanya nini. Kufuli la sumaku la mlango, lile la nguvu ya kilo 270 hivi, linaachia pindi umeme unapoisha. Linafaa kwa njia ya kuokolea watu moto ukitokea. Kwa masijala ya siri chagua linalobaki limefungwa umeme ukiisha, lenye mpini wa kawaida wa kutokea ndani. Betri ya kengele nayo huwekwa kwa mazoea: volti 12, ampea-saa 7. Piga hesabu. Mfumo ukila ampea 0.25 kwa saa 24 ni 6, king'ora ampea moja kwa nusu saa ni 0.5, zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya uchakavu, unapata 8.1. Ile ya 7 ikishachakaa haimalizi saa 24 hizo. Weka ya 12. Kisha kumbuka kila nyuzi 10 za ziada juu ya joto lililokadiriwa hukata uhai wa betri ya risasi nusu kwa nusu. Iliyouzwa kuwa ya miaka mitano, ndani ya boksi la bati lenye joto, ibadilishwe kila mwaka wa pili. Andika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Sauti zinagombana na hali ya hewa. Chumba cha mikutano ya siri kinataka ukuta wa daraja la STC 45 (STC ni kipimo cha jinsi ukuta unavyozuia sauti), ambapo mazungumzo ya sauti ya juu hayaeleweki upande wa pili, au STC 50 kama kuna vipaza sauti. Madirisha ya vipande vya vioo vinavyoinuliwa kupitisha upepo wa bahari hayafiki popote karibu na hapo. Yazibwe kwa tofali au yawekewe kioo mara mbili, kiyoyozi kiwe cha uhakika, na tundu la bomba lake lijazwe, maana mwanya wa kidole unaharibu ukuta mzima. Simu zibaki nje kwenye visanduku, zote, pamoja na ya mkubwa.

Walinzi

Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth, akichunguza waendesha rada wa jeshi la anga, alionyesha kwamba umakini wa mtu anayekodolea kifaa hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Lindo la saa 12 mbele ya skrini haliwezekani kwa binadamu. Wazungushwe: nusu saa skrini, nusu saa doria, na doria isiwe na saa maalumu. Mlinzi wa getini ajue pia kwamba Sheria ya Maeneo Yanayolindwa ya 1969 iko nyuma yake, na mkuu wa ofisi amuunge mkono hadharani siku ya kwanza atakapolisimamisha gari kubwa la mkubwa asiye na kibali. Asipoungwa mkono siku hiyo, hatalisimamisha jingine.

Kuhusu magari yenyewe, Agosti 7, 1998 Dar es Salaam ilifundisha kwa uchungu. Watu 11 walikufa kwenye ubalozi wa Marekani, na lori la maji lililokuwa getini ndilo lililozuia gari la bomu lisisogee zaidi. Kanuni ya kuacha mita 30 kati ya jengo na barabara ilishapendekezwa tangu 1985, na ubalozi ule haukuwa nazo. Ofisi iliyo katikati ya mji haitazipata pia. Basi weka nguzo za chuma zilizojazwa zege, nafasi kati yake isizidi mita 1.2, bandika utando wa kuzuia vioo kutawanyika, na usiweke meza ya mtu dirishani upande wa barabara.

Karatasi

Sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa ya 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda ambao baada yake nyaraka za umma zinaweza kufunguliwa kwa wananchi. Maana yake karatasi inaweza kutakiwa kuishi miaka 30. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande inapogusa kitu cha nyuzi 26. Kiyoyozi kikipoza chumba hadi 19 kisha mlango ukaachwa wazi asubuhi, makabati ya chuma yanalowa nje na ndani, vitasa vinapata kutu na mafaili yanapata ukungu. Weka nyuzi 24 mchana na usiku, tumia mashine ya kupunguza unyevu, unyevu ubaki chini ya asilimia 60, na makabati yakae sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, yameinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa aonekane anapopanda.

Zile zinazotakiwa kuharibiwa, kisagio cha karatasi cha daraja P-5 kinaacha vipande visivyozidi milimita za mraba 30, na P-7 visivyozidi 5; namba ikiwa kubwa, vipande ni vidogo zaidi. Vya utepe mrefu visitumike, kwa sababu tepe huunganishwa tena kwa subira. Ukichoma, usitumbukize faili zima kwenye pipa. Karatasi zilizobanana huungua kingo tu, katikati hubaki inasomeka, na upepo wa alasiri hubeba kurasa nusu mpaka barabarani. Chambua karatasi moja moja, funika pipa kwa wavu mdogo, koroga mara kwa mara, kisha changanya majivu na maji mpaka yawe uji. Watu wawili wasimame hapo mwanzo hadi mwisho, na wote wawili watie sahihi kwenye hati inayotaja namba ya kila faili, tarehe na saa.